UNENE, CHAKULA, NA UBONGO
Somo la nyumbani na la vikundi vya usharika



Mtu wa milimani akirudi kutoka Dar es Salaam baada ya mwaka mmoja au miwili, mashavu yamejaa na shati linambana tumboni, jamaa zake humpokea kwa furaha. "Umenawiri!" humwambia, "mji umekupenda." Hawasemi neno baya. Wasema kama wazee walivyosema, maana kwao mwili mnene ulikuwa habari njema: nyumba ile haina njaa, wala mtu yule hana ugonjwa wa kumkondesha. Lakini liko jambo ambalo salamu hiyo hailijui. Unene ukizidi kiasi haukai tumboni peke yake. Miaka ikipita hufika kichwani na kuugusa ubongo, yaani kiungo kile kituwezeshacho kukumbuka, kunena, kuhesabu, na kumtambua mtoto wetu anapoingia mlangoni.

Habari hizi si za Ulaya na Marekani tu. Zimechunguzwa hapa kwetu, kwa watu wa Morogoro Vijijini. Kwa hiyo nawaomba, hasa ninyi wainjilisti na walimu, mlisome somo hili polepole, kisha mlifundishe.

1. Ubongo hulishwaje?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 au 1.4 hivi. Ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili. Walakini mwili ukiwa umetulia, ubongo hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu zote tuzipatazo katika chakula. Ni kiungo kidogo chenye njaa kubwa. Tena hauna ghala la kuwekea akiba; hupokea riziki yake kila dakika kwa njia ya damu. Damu ikikatika kwa dakika chache tu, sehemu ile isiyofikiwa huanza kufa.

Chukueni mfano huu. Watu wa Dar es Salaam hunywa maji ya Mto Ruvu, nao mto huo hupata maji yake mengi katika milima yetu ya Uluguru. Mabomba yakiziba au yakipasuka, mji hushikwa na kiu, hata kama mvua imenyesha Kinole na Matombo usiku kucha. Ubongo ni kama mji ule, na mishipa ya damu ndiyo mabomba yake. Basi mtu atakaye kuutunza ubongo wake, kwanza aitunze mishipa.

2. Unene uliozidi hufanya nini?

Waganga wana kipimo cha unene. Huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawanya kwa urefu wake kwa mita, kisha wakagawanya mara ya pili kwa urefu ule ule. Jibu likifika 25, uzito umezidi. Likifika 30, huo ndio unene wenye hatari. Kwa mfano, mtu mwenye urefu wa mita 1.60 hufika 25 akiwa na kilo 64, naye hufika 30 akiwa na kilo 77 hivi. Kipimo hiki si kamili kwa kila mtu, maana hakitofautishi nyama na mafuta. Lakini chafaa kwa kuanzia. Mafuta yakaayo tumboni, yale tuyaitayo kitambi, yana hatari kuliko yakaayo mapajani.

Unene wa namna hiyo huleta mambo matatu. La kwanza ni shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha: damu hupita mishipani kwa nguvu iliyozidi, ikaichosha mishipa. La pili ni kisukari, maana mwili hushindwa kuitumia sukari vema, nayo sukari ikibaki nyingi katika damu huiharibu mishipa. La tatu ni mafuta ya damu, yanayoganda ndani ya mishipa na kuifanya myembamba.

Hapo ubongo huumia kwa njia mbili. Njia moja ni ya ghafula: mshipa huziba au hupasuka, mtu akaanguka, upande mmoja ukapooza, maneno yakakwama kinywani. Huo ndio ugonjwa uitwao kiharusi. Njia ya pili ni ya polepole: mishipa midogo midogo huharibika mmoja mmoja kwa miaka mingi, mpaka mzee asahau njia ya kwake na majina ya wanawe. Huko Hai, mkoani Kilimanjaro, wachunguzi waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi katika miaka ya 2009 na 2010, wakaona kwamba wapatao 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huo wa kusahau. Kwa hiyo usahaulifu huo mkubwa si uzee tu, wala si jambo la kuchekwa, ni ugonjwa. Na mwaka 2024 wataalamu wa nchi nyingi walipoyapima mambo yote yaliyojulikana, walihesabu mambo 14 yanayouongeza. Katika hayo yamo shinikizo la damu, kisukari, mafuta mabaya ya damu, unene wa katikati ya umri, na kukaa bila kuutumikisha mwili. Walisema kwamba kama yote 14 yangeondolewa, karibu 45 katika 100 ya wagonjwa wa namna hiyo wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa.

Hapa nataka kuonya jambo moja, maana ulimi wa mwanadamu ni mwepesi. Asitokee mtu akasema, "Mwalimu amefundisha kwamba wanene hawana akili." Sikufundisha hivyo, wala si kweli. Wako watu wanene wenye hekima nyingi, na wembamba wasiojua kupanga siku yao. Tunasema habari ya madhara yanayoijia mishipa katika miaka mingi, hatusemi habari ya kipawa cha mtu.

Tena mtu mnene si mlafi tu kama wengi wadhanivyo. Mwaka 1994 waligunduliwa wajumbe watokao katika mafuta ya mwili, waitwao leptini, ambao huenda na damu mpaka ubongoni wakauambia, "Akiba ipo, acha kula." Lakini mafuta yakiwa mengi mno kwa muda mrefu, wajumbe huwa wengi, na ubongo hauwasikii tena, kama vile mtu akaaye karibu na maporomoko ya maji asivyosikia tena sauti yake. Ndipo mtu huona njaa ilhali amejaa. Kwa hiyo anayejitahidi kupungua anapigana vita ngumu; anahitaji msaada wetu, hahitaji mzaha wetu.

3. Watu wa Morogoro waliokwenda Dar es Salaam

Sasa tuje nyumbani. Wachunguzi waliwafuata watu 209, wanaume 103 na wanawake 106, waliokuwa wakihama kutoka Morogoro Vijijini kwenda kukaa Dar es Salaam. Waliwapima kabla ya kuondoka, wakawapima tena baada ya kukaa mjini miezi 12. Habari zao zilichapishwa mwaka 2010.

Waliona nini? Katika mwaka mmoja tu, wanaume kwa wanawake waliongezeka uzito zaidi ya kilo 2 kwa wastani. Wala si kwamba mjini walikula vibaya katika kila jambo. Walikula nyama nyingi zaidi, ni kweli; lakini matunda na mboga pia walikula zaidi kuliko walivyokula shambani. Jambo lililobadilika sana ni kazi ya mwili. Kabla ya kuhama, wanaume wapatao 79 katika 100 walifanya kazi nzito za kutoa jasho. Mjini walibaki 26 hivi. Wanawake walipungua kutoka 38 hata 16 hivi katika 100.

Tuyatafakari hayo. Mtu wa Uluguru hupanda na kushuka tangu alfajiri. Shamba liko juu, maji yako bondeni, na soko liko mbali, na mzigo wa ndizi u kichwani. Mwili wake umezoea kula sahani kubwa ya ugali na kuimaliza kwa jasho kabla jua halijachwa. Akifika mjini huja na sahani ile ile, lakini mlima ameuacha nyumbani. Analinda geti, au anakaa dukani, au anaendesha bodaboda. Kilo 2 kwa mwaka si neno kubwa. Lakini zikiongezeka hivyo miaka 10, ni kilo 20, nazo ni uzito wa mfuko mzima wa unga.

Wala jambo hili si la Dar es Salaam tu. Mji wa Morogoro nao umekua, na barabara na pikipiki zimepanda milimani. Wako vijana wa Kigurunyembe na Towero wasiotembea tena kama mama zao walivyotembea.

4. Hesabu ya kiharusi

Uchunguzi mwingine ulitangulia huo. Tangu Juni 1992 hata Mei 1995 vifo vilihesabiwa katika sehemu tatu: baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai, na Morogoro Vijijini. Watu waliohesabiwa walikuwa zaidi ya 300,000. Penye msiba jamaa waliulizwa kwa taratibu jinsi marehemu alivyougua, na waganga wakayapima majibu. Habari zilichapishwa mwaka 2000.

Kwa watu wenye miaka 15 hata 64, katika kila watu 100,000 kwa mwaka, waliokufa kwa kiharusi walikuwa hivi:

Dar es Salaam: wanaume 65, wanawake 88.
Hai: wanaume 44, wanawake 33.
Morogoro Vijijini: wanaume 35, wanawake 27.
Uingereza na Wales, mwaka 1993: wanaume 11 hivi, wanawake 9 hivi.

Zitazameni hesabu hizi mara mbili. Mara ya kwanza twaona kwamba mjini kiharusi kiliua zaidi kuliko shambani. Mara ya pili twaona jambo la kushangaza: hata Morogoro Vijijini, penye umaskini na miili myembamba, kiharusi kiliua mara tatu kuliko Uingereza. Kwa nini? Wachunguzi walidhani kwamba sababu kubwa ni shinikizo la damu lisilotibiwa. Basi mtu mwembamba asijisifu akasema, "Somo hili ni la wenye vitambi." Presha huweza kumkamata mwembamba pia, hasa alaye chumvi nyingi, naye asijue. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini maradhi haya hujificha yenyewe, bila mgonjwa kuyaficha. Hayaumi, hayakohozi, hayaleti homa. Kipimo peke yake ndicho kinachoyafichua.

Jambo jingine lapasa kusemwa wazi katika kanisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba Dar es Salaam watu wengi walidhani kiharusi ni kazi ya mapepo au uchawi, lakini huko Hai wengi zaidi walitaja sababu za mwili. Dhana hiyo huua, maana saa zile za kwanza, ambazo mgonjwa angepelekwa hospitali, hupotea katika kumtafuta aliyemroga. Tena huvunja ukoo, kwa kuwa lawama humwangukia bibi kizee fulani au mjomba fulani asiye na kosa.

5. Njaa nayo huumiza ubongo

Nisingependa mtu afikiri kwamba dawa ni kufunga chakula. Ubongo wa mtoto hujengwa tangu tumboni mwa mama hata atimize miaka miwili, na asipolishwa vema siku hizo, hasara hairudishwi yote baadaye. Katika uchunguzi wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015 na 2016, watoto 34 katika 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Na katika uchunguzi ule ule, wanawake 28 katika 100, wenye miaka 15 hata 49, walikuwa na uzito uliozidi. Mambo hayo mawili huweza kukaa katika nyumba moja: mama mnene, na mtoto aliyedumaa, wakila chungu kimoja. Maana chungu chaweza kujaza tumbo bila kuulisha mwili. Sembe nyeupe na chai ya sukari hushibisha. Lakini hazina vya kutosha katika vitu vinavyojenga.

Yako pia madini joto. Nchi za milimani mara nyingi huyakosa, maana mvua huyaosha udongoni. Mama mjamzito akiyakosa, shingo yake huweza kuvimba rovu, na mtoto huweza kuzaliwa na ubongo uliopungua nguvu. Kwa ajili hiyo serikali ilianza mwaka 1986 kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoshikwa sana, na baadaye chumvi ikaamriwa kutiwa madini hayo. Basi nunueni chumvi iliyotiwa madini joto. Lakini itumieni kidogo.

6. Je, unene ni baraka?

Wengi huikumbuka habari ya Danieli na wenzake watatu waliokataa chakula cha mfalme, wakaomba kula mboga na kunywa maji kwa siku kumi. Twapenda kuitumia habari hiyo kusifu mboga. Lakini isomeni tena katika sura ya kwanza ya kitabu chake, mtaona kwamba walipotazamwa baada ya siku kumi, walionekana wamenenepa kuliko wale waliokula vya mfalme. Katika nchi zile za kale, kama kwa wazee wetu, kunenepa kulikuwa ishara ya uzima, maana adui aliyejulikana alikuwa njaa. Siku hizi maadui ni wawili, nao wamesimama pande mbili za njia. Hatuwezi kuutumia unene kuwa kipimo cha baraka, wala wembamba kuwa kipimo cha utakatifu. Tunalopewa ni kuutunza mwili, mnene au mwembamba, kama mali ya mwingine tuliyokabidhiwa.

7. Yatupasayo kufanya

Pimeni presha. Mtu mzima na apimwe walau mara moja kwa mwaka, hata akijiona mzima. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia kuwa hivyo, asikilize shauri la mganga. Akipewa vidonge asiviache kwa sababu amejisikia vema, wala kwa sababu ameombewa. Tuombeane, na vidonge vimezwe.

Punguzeni chumvi na sukari. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa jikoni. Chupa moja ya soda ina sukari kama vijiko 8 au 9 vya chai. Harusini kwetu mgeni hupewa chupa mbili, wala hakuna anayehesabu.

Kuleni vitu vya milima yenu. Gari huondoka Mgeta alfajiri limejaa kabichi, karoti na maharage, na mwenye shamba akabaki kununua maandazi kwa fedha aliyopata. Si haki kwa watoto wake. Maharage, kunde, mchicha, matembele, majani ya maboga, ndizi, machungwa na mapapai, hivi vyote viko mlangoni petu. Mgeta pia yako maziwa ya mbuzi wa asili ya Norway walioletwa katika miaka ya 1980. Dona ni bora kuliko sembe, kwa kuwa sembe imevuliwa sehemu njema ya mahindi. Na mafuta ya kukaangia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kwa macho.

Tembeeni. Mtu asiyefanya kazi ya jembe na atembee kwa haraka walau dakika 30 kwa siku, siku 5 katika juma. Ninyi mkaao mjini, mlima u mbele yenu. Njia ya Morningside huingojea miguu yenye nia.

Jueni dalili za kiharusi. Uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, maneno hayatoki sawasawa: mara moja hospitali, hata usiku. Asipewe chakula wala kinywaji njiani, maana huweza kumpalia.

Wazee wa usharika watazame pia meza zetu. Baada ya ibada ya mavuno tunanadi mapapai na maboga mazuri, kisha tunakaa kunywa soda na kula maandazi. Mapapai yale yangeweza kukatwa na kuliwa pale pale. Na mtu akirudi kutoka mjini amenenepa, mpokeeni kwa furaha ile ile, lakini baada ya salamu mwulizeni, "Ndugu, presha yako umepima?"

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini ubongo hauwezi kungoja chakula kama viungo vingine?
2. Watu waliohama kutoka Morogoro Vijijini walikula mboga zaidi mjini, walakini waliongezeka uzito. Elezeni sababu.
3. Hesabu za Morogoro Vijijini zawafundisha nini watu wembamba?
4. Jirani yako ameanguka, uso umepinda, na ndugu zake wanasema amerogwa. Utawaambia nini, nawe utafanya nini kwanza?
5. Taja vitu vitatu vilivyo mezani pako juma hili ambavyo vingefaa kupunguzwa, na vitatu vilivyo shambani pako ambavyo vingefaa kuongezwa.